Mtoto wa Jiko

Pale kazini wananiita Sista Kwa Nini, na msidhani ni jina la mapenzi. Nauliza mno. Mtu akiniambia fanya hivi, nitafanya, lakini nikishanawa mikono nitamfuata hadi kwenye chai yake nimuulize kwa nini hivi na si vile. Wenzangu wamezaliwa na subira. Mimi nilizaliwa na swali mdomoni na hasira kidogo ya kulisindikiza.

Nasimamia chumba cha upasuaji cha hospitali yetu: vyombo, vitambaa na tabia za watu. Kwa miaka mingi tulikuwa na kazi moja ambayo hakuna chuo kilichotufundisha, nayo ni kumfuta daktari jasho. Kila upasuaji mmoja wetu alisimama nyuma yake na kitambaa, akimpangusa paji la uso, jasho lisije likadondoka mahali pasipotakiwa. Aliyetuletea jasho hilo alikuwa Jiko.

Jiko lilikuwa taa yetu ya zamani, pana kama karai la kuchanganyia zege, likining'inia juu ya meza ya upasuaji. Likiwashwa lilitoa mwanga wa njano na joto la kuivisha kisogo. Pembeni lilikuwa na kichwa cha pili, kidogo, ambacho shingo yake ililegea zamani sana, kikalala upande na kubaki kimeinamia kona tunayopokelea watoto wanaozaliwa kwa upasuaji. Hicho tulikiita Mtoto wa Jiko. Kwa daktari hakikuwa na faida hata chembe. Watu warefu walikigonga kwa paji la uso na kukitolea maneno yasiyofaa mbele ya wagonjwa. Fundi umeme aliahidi kukikaza shingo, akaahidi tena, mwishowe tukakizoea kama mtu anavyozoea mlango wake unaolia.

Halafu tukaletewa taa ya LED. Ilikuwa nyembamba, nyeupe, ina vijitaa vingi vidogo vilivyopangwa duara, na ilipofungwa wengi wetu tuliidharau. Kitu chepesi namna hii kitamulika nini? Fundi akalishusha Jiko pamoja na mtoto wake, akaenda nao karakana.

Siku ya kwanza mpasuaji alikuwa yule tunayemwita Daktari Kimya. Anaweza kumaliza upasuaji mzima bila kutoa maneno ya kujaza kiganja. Taa ikawashwa, akainama, akainuka, akainama tena upande wa pili. Kichwa chake hakikuweka kivuli popote. Chini ya Jiko damu yote ilikuwa rangi moja ya kahawia, ukabahatisha inatoka wapi. Sasa niliona damu nyangavu na damu iliyoiva, kila moja na njia yake, na mishipa midogo ambayo nilikuwa naijua kwa vitabu tu. Daktari Kimya akasema neno moja.

"Naona."

Sisi tuliomzoea tukatazamana. Kwake hiyo ilikuwa hotuba. Na yule mwenzetu mwenye kitambaa alisimama nyuma yake mpaka mwisho bila kazi, maana hapakuwa na jasho la kufuta. Umeme ulipokatika, kama ulivyo mchezo wake, Jiko lingezimika tukangoja jenereta iamke. Taa mpya haikupepesa hata jicho. Ina betri yake ndogo, ikaendelea kuwaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Niliipenda siku ile ile, na mimi si mtu wa kupenda haraka.

Basi furaha yetu ikaingia mchanga. Watoto walianza kutoka baridi.

Aliyeligundua jambo hilo ni mkunga mkuu, mama mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, ambaye ndiye hupokea watoto kwenye ile kona. Enzi za Jiko, mtoto alikaushwa, akafungwa blanketi, akalia kidogo, akatulia. Sasa walikuwa wanalia mfululizo, miguu yao baridi, na kipimajoto kinasoma chini ya panapotakiwa. Mtoto mchanga akipoa si jambo la mzaha. Anachoka, anashindwa kunyonya, na mambo mengine yanafuata.

"Taa yenu inawanyonya watoto joto," mkunga mkuu aliniambia, kidole puani kwangu.

"Taa inanyonyaje joto? Kwa nini isikunyonye wewe?"

"Usiniulize maswali yako. Kabla ya taa watoto walikuwa na joto. Baada ya taa wako baridi. Kipi kilichobadilika humu zaidi ya taa?"

Swali lake likaninyima usingizi. Nikaanza kuchunguza. Nilidhani labda mwanga ule mweupe unawashtua macho, wanalia mpaka wanachoka. Tukawavisha kofia za kushuka hadi kwenye nyusi. Wakatoka baridi. Nikadhani ni kiyoyozi. Tukakizima, mkunga akanuna kwa jasho, mtoto akatoka na joto nafuu kidogo lakini bado hajafika anapopaswa kuwa. Nilisimama chini ya taa ile mkono juu, nikakigeuza kiganja huku na huku. Hapakuwa na chochote, si joto wala baridi. Mtu angeniona angedhani naomba mvua.

Maneno yakatoka nje ya chumba, na yalipofika kwenye foleni ya kliniki ya wajawazito yalikuwa yametiwa chumvi ya kutosha. Sasa ilikuwa taa ya kizungu inayogandisha watoto. Na kwenye foleni ile alikuwepo mkamwana wangu.

Huyu ni mke wa mwanangu wa pekee. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa hana uhai, mbali na hapa, mimi nikiwa sipo. Ujauzito huu wa pili ulikuwa mkubwa, mtoto anacheza vizuri, lakini kondo la nyuma lilikuwa limekaa chini na kuziba njia. Mtoto asingeweza kupita. Lazima mama apasuliwe, na katika upasuaji wa namna ile damu hutoka nyingi na kwa ghafla. Tulikwisha kumlaza wodini kungojea upasuaji wa Jumatatu.

Jioni moja nilimkuta amekaa kitandani, amefunga mizigo yake.

"Mama, mimi naondoka. Nitakwenda hospitali nyingine yoyote."

"Kwenda wapi na hali hiyo? Ukianza kutoka damu njiani, nani atakuokota?"

"Wanasema watoto wanatoka baridi."

Nilifungua mdomo nimgombeze, kama kawaida yangu. Akanishika mkono.

"Mama, wewe hukuwepo. Yule wa kwanza walinilaza naye hapa." Akagusa shavu lake. "Walisema nimuage. Sura yake siikumbuki tena, nikijaribu inanipotea. Ninachokumbuka ni ule ubaridi tu. Kila siku ninapoamka uko hapa. Huyu akitoka baridi, hata kama ni mzima, mimi sitapona. Naomba hilo tu, asiwe baridi."

Nilitoka pale nimekasirika, na sikujua nimkasirikie nani. Mkunga mkuu alikwisha kupeleka malalamiko kwa mganga mkuu wa hospitali, na mganga mkuu alikwisha kukata shauri: kama hakuna anayeweza kueleza watoto wanapoaje, Jiko lirudi juu kabla ya Jumatatu. Mkamwana wangu aliposikia hivyo alishusha pumzi, akafungua mizigo. Mimi nikaenda kumtafuta Daktari Kimya.

Nilimkuta ananawa mikono. Nikamweleza. Aliendelea kunawa mpaka kwenye viwiko.

"Kwa huyu," alisema hatimaye, "nataka kuona."

Nilimwelewa. Chini ya Jiko mjukuu wangu angetoka na joto, lakini mama yake angevuja damu mahali ambapo daktari anabahatisha. Chini ya taa mpya mama angeonekana vizuri, na mtoto angetoka baridi. Niliwekewa mkamwana upande mmoja na mjukuu upande mwingine, nami sikuwa tayari kumwachia hata mmoja.

Kesho yake nilikwenda karakana. Fundi umeme wetu ni mdogo wake marehemu mume wangu, kwa hiyo ni shemeji yangu, na tangu zamani hatuna salamu isiyo na utani.

"Karibu, Kwa Nini. Umekuja kuniuliza kwa nini jua linachomoza?"

"Nimekuja kukuuliza kwa nini huoi. Lakini kwanza niambie, Jiko linafanya kazi?"

Alikuwa amelitundika kwa kamba kwenye boriti ya dari ili alijaribu kabla ya kulirudisha. Akabonyeza swichi. Likawaka, la njano kama zamani, na mtoto wake pembeni akawaka pamoja nalo, shingo upande, akiinamia rundo la magunia matupu. Nikanusa lile vumbi linaloungua, nikakumbuka miaka yangu yote.

Hatukukaa sana, akaingia paka wa karakana. Ni dume la rangi ya majivu, masikio yamechanika kwa ugomvi, halina heshima kwa mtu. Lilipita katikati ya miguu yetu, likapita chini ya Jiko lenyewe bila kusimama, likapanda juu ya magunia. Likazunguka mara mbili, likajikunja chini ya Mtoto wa Jiko na kufumba macho.

"Umemwona huyo?" shemeji alisema. "Kila nikiwasha, analala hapo hapo. Nimemfukuza mpaka nimechoka."

"Kwa nini hapo?"

"Muulize yeye. Ana lugha yake."

Nikasogea, nikaweka mkono mgongoni kwa paka. Manyoya yalikuwa na joto kama mkate uliotoka kuokwa. Nikaweka mkono kwenye magunia, nayo yana joto. Nikauinua mkono kuelekea kwenye kile kichwa kibovu, kile tulichokitukana miaka nenda rudi, kile kisicho na faida hata chembe, nikahisi joto linanishukia kiganjani, tulivu, si la kuunguza. Nikaketi kitako juu ya ndoo ya rangi.

"Shemeji, una nini? Unaumwa?"

"Meza ya watoto," nikamwambia. "Mablanketi yao. Huyu ndiye aliyekuwa anawapasha. Kumbe ni huyu!"

Tuliliita Jiko kwa midomo yetu wenyewe, kila siku, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyekaa akafikiri jiko hufanya nini. Taa mpya haikuwa imemnyonya mtu joto. Ni kwamba haitoi joto, na ndiyo sifa yake, ndiyo maana daktari hatoki jasho. Tulilishusha Jiko, tukamshusha na yaya wa watoto bila kujua kwamba tulikuwa na yaya.

Nilicheka mpaka paka akafungua jicho moja. Kisha swali lingine likanijia, maana hayaji peke yake. Mimi nilisoma kwamba kila chumba cha upasuaji kinapaswa kuwa na kipasha joto cha watoto. Cha kwetu kilikwenda wapi?

"Kipo stoo," shemeji akasema. "Wameweka maboksi ya glovu juu yake. Ni kizima kabisa."

"Na kwa nini kiko stoo?"

"Kabla hujaja hapa kilikuwa kinaangusha swichi kuu. Jiko lilikuwa mlafi wa umeme. Likiwaka pamoja na kile, jengo zima giza. Ikabidi kimoja kitoke, na watoto hawakuwa baridi, basi nani angekiulizia?"

"Na hii taa mpya, inakula umeme kiasi gani?"

Akaniangalia. Naye akaanza kutabasamu taratibu, kama mtu anayekumbuka mahali alipoweka ufunguo.

"Hii? Hii inadonoa tu kama kifaranga."

Tulikitoa kipasha joto stoo mchana ule ule, tukakifuta, tukakisukuma mpaka kwenye kona yake. Nilimwita mkunga mkuu, naye akaja mikono kiunoni, amejiandaa kwa vita. Daktari Kimya akaja pia, akasimama mlangoni. Shemeji akasimama kwenye swichi kuu, mkono tayari kama mtu anayevizia kuku.

Tukawasha taa. Tukawasha mashine ya kufyonza, na ile ya kuchemshia vyombo. Nikaweka kidole kwenye swichi ya kipasha joto. Nikabonyeza.

Hakuna kilichozimika. Tulingoja, kila mtu anatazama dari. Kipasha joto kikaanza kuwa chekundu ndani, polepole.

"Weka mkono chini ya taa," nikamwambia mkunga mkuu. Akauweka. "Sasa weka hapa."

Akauweka chini ya kipasha joto, akauacha pale. Akaurudisha chini ya taa, kisha akauleta tena hapa.

"Kumbe," alisema. Kisha akageuka, akampigia shemeji kelele. "Na wewe, miaka yote unaahidi kukikaza kile kichwa shingo! Ungekikaza, ungetuulia watoto!"

"Ndiyo maana sikukikaza," shemeji akajibu bila aibu yoyote. Hata Daktari Kimya alicheka, na sauti yake ya kicheko ilikuwa ngeni kwetu sote.

Mtoto aliyezaliwa siku iliyofuata alitoka, akafungwa blanketi la moto, akalia, akatulia. Mganga mkuu akafuta agizo la kurudisha Jiko. Ikabaki kazi ngumu zaidi, kumweleza mkamwana.

Sikumpelekea maelezo. Nimeshaona maelezo yakimwagika bure kwa mtu mwenye hofu. Nilichukua blanketi dogo chini ya kipasha joto, nikalificha kifuani ndani ya sare, nikatembea haraka kupita wodi zote kama mwizi wa kuku, nikamwekea mikononi.

"Hili ndilo atakalofungwa. Limetoka chumba kile kile, chenye taa ile ile."

Alilishika. Akalitazama. Akaliinua mpaka shavuni, lile shavu, akafumba macho. Blanketi lilipoanza kupoa alilikunja vizuri, akanirudishia.

"Jumatatu, mama," akasema.

Jumatatu Daktari Kimya alinizuia mlangoni. "Leo wewe ni bibi." Sikuruhusiwa kugusa chombo. Aliniruhusu kusimama kwenye ile kona tu, karibu na mkunga mkuu. Mkamwana alikuwa macho, amechomwa sindano ya mgongo, pazia limefungwa kifuani pake asione. Nilikuwa naona kichwa chake tu, kimefunikwa na kofia ya kijani.

Mtoto alitoka haraka. Msichana, mweusi tii, ana hasira kama bibi yake. Mkunga alimpokea, akamkausha, na alipokuwa anamfunga blanketi umeme ukakatika. Kipasha joto kikazimika. Mashine zote zikanyamaza. Juu ya meza ya upasuaji ile taa ikaendelea kuwaka, nyeupe, imetulia, na chini yake niliona vitambaa vinageuka vyekundu kimoja baada ya kingine, kwa kasi niliyokuwa naiogopa tangu nilipojua habari za lile kondo. Nilichukua mablanketi mengine ya moto, nikamzungushia mtoto, nikamkumbatia kifuani, nikamtazama daktari. Katika giza la Jiko huyu angekuwa anapapasa.

Mikono yake ilisimama kidogo. Ikaenda mahali pamoja.

"Naona," alisema.

Jenereta ilipoamka nje, vitambaa vilikuwa vimeacha kubadilika rangi. Daktari alikuwa ameshaufunga mshipa. Mtu wa nusu kaputi, yule aliyemchoma sindano ya mgongo, akasoma presha, akainua kidole gumba. Mkunga mkuu akanisukuma kwa kiwiko.

"Unangoja nini? Mpeleke kwa mama yake."

Nilizunguka pazia. Macho ya mkamwana yalikuwa yametoka, yananitafuta. Hakuuliza kama ni wa kike au wa kiume, wala kama ni mzima. Aligeuza uso tu, akaniletea shavu.

Nikamshusha mtoto mpaka pale. Mtoto akaacha kulia, na mimi nikawa sisikii mashine wala watu.

"Ana joto, mama," mkamwana alisema. "Shika uone."

Nikashika, ingawa ni mimi niliyekuwa nimemshika muda wote ule.